Sweta Tano za Redio

Jina lake la kuzaliwa liliandikwa kwenye kadi ya kazi, kadi ikawekwa kwenye droo ya ofisini, na jina likabaki humo. Mezani aliitwa Redio. Walimpa jina hilo wanawake wanane waliokaa naye kwenye meza ndefu ya chumba cha kumalizia, katika kiwanda cha kushona sare za shule. Hakuwahi kulikataa. Mtu akipewa jina na watu wanaomlisha, huitika.

Ndiyo, walimlisha. Naliweka hili mbele mapema, nisije nikaambiwa baadaye kwamba nilimsitiri.

Chumba cha kumalizia ndicho pekee kilichokuwa na utulivu kiwandani pale. Huko mbele, kwenye ukumbi wa mashine, vyerehani vilinguruma kutwa mpaka watu wakazoea kuzungumza kwa ishara. Lakini sweta zikishatoka huko huletwa nyuma zikatwe nyuzi na kushonwa beji ya shule kwa mkono, na sindano ya mkono haina kelele. Palikuwa na wanawake tisa, viti tisa na matenga tisa yenye namba. Kila mmoja alitakiwa kujaza tenga lake sweta arobaini kwa siku. Aliyepungukiwa mara tatu katika mwezi aliaga wenzake.

Redio alikaa kiti cha tisa. Miaka miwili nyuma alikuwa fundi wa mashine ya matundu ya vifungo, na mchana mmoja sindano ya mashine ilimshukia katikati ya kiganja cha kulia ikavunjikia humo. Daktari aliitoa. Kidonda kilipona vizuri, kovu lenyewe ukiliona utasema ameumwa na mbu, ila vidole vitatu havikurudi. Vinajikunja nusu na kugoma hapo. Aliporejea kazini baada ya wiki mbili alimwambia msimamizi kwamba amepona, ila anaomba kazi nyepesi kidogo, naye akampeleka nyuma. Alikuwa mjane, nyumbani ana mama mkwe na binti wa miaka kumi na mmoja. Sijui wewe ungesema nini.

Siku ya kwanza alishona beji nne. Siku ya pili tatu. Siku ya tatu alikuwa akilia bila sauti, machozi yakidondokea sweta ya mtoto wa watu, mpaka Bibi Sindano akamnyang'anya. Huyu Bibi Sindano ndiye aliyekuwa mkubwa wa meza, mwanamke wa miaka sitini na ushee aliyeanza kazi pale kiwanda kikiwa bado banda la mabati.

"Utaichafua," alimwambia. "Zaidi ya kulia unajua nini kingine?"

"Najua kusoma."

Lilikuwa jibu la mtu aliyechanganyikiwa. Kwani nani hajui kusoma? Lakini mfukoni mwake mlikuwa na kitabu, kitabu alichokuwa akikisoma wakati wa chakula ili asahau mkono, na Bibi Sindano alikuwa amekiona.

"Haya, soma basi, tusikie unavyojua."

Akasoma. Kumbe alikuwa na sauti. Haikuwa sauti ya kuimba, ni ile sauti ambayo mtu mwovu akizungumza kitabuni unamwogopa, na mtoto akizungumza unatamani kumfunga kamba za viatu. Sindano nane zikaanza kwenda mbio bila wenyewe kujua, na jioni ilipofika wote walikuwa wamemaliza arobaini zao mapema kuliko siku zote. Basi Bibi Sindano akapiga hesabu ya mtoto wa darasa la tatu: arobaini kwa wanane, kila mmoja tano. Kuanzia jioni ile ile kila mwanamke alishona zake, akashona na tano za Redio, na kabla ya kengele ya kutoka sweta zilipitishwa chini ya meza mpaka tenga namba tisa likajaa kama mengine. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema huku wakicheka, na Redio alicheka nao, yeye ambaye vidole vyake vitatu havikuwa vikivunja chochote. Mambo yakaenda hivyo miaka miwili.

Msimamizi hawakumwogopa sana. Alikuwa na rundo la funguo kiunoni lililotangulia kufika kabla yake, ndiyo maana walimwita Kengele. Funguo zikisikika, mmoja anakohoa, kitabu kinaingia chini ya sweta, na Redio anashika sindano kwa mkono wa kushoto akiwa ameinamisha kichwa kama mtu wa ibada.

Ungepita pale mlangoni siku hizo ungedhani wanasengenya majirani. Watu wa vitabuni walikuwa watu wao. Waliwalaumu, waliwaonea haya, waliwatafutia wachumba. Mmoja wa wale wanane alikataa posa ya binti yake kwa sababu kijana alicheka kama yule tapeli wa kitabu cha mwaka jana, na mpaka leo hajajuta. Mwingine aligombana na mumewe wiki nzima juu ya mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa: je, alikuwa na haki ya kuondoka au hakuwa nayo? Mume, ambaye hakuwahi kushika kitabu tangu aache shule, akawa anamngoja mkewe mlangoni jioni: "Enhe, leo kafanya nini tena?" Na Mama Pacha, aliyekaa kiti cha nane, shoga mkubwa wa Redio, siku moja alisikia mtoto wa kitabuni ameshikwa na homa, akaenda nyumbani kuwapima pacha wake wote wawili, na hakuna aliyekuwa mgonjwa.

Vitabu Redio alivipata kwa mzee mmoja wa magazeti chakavu, ambaye aliviuza kwa mizani kama viazi. Kile cha msimu huo kilikuwa kinene na hakikuwa na jalada, kwa hiyo hakuna aliyejua kinaitwaje wala nani alikitunga. Kilihusu mama aliyemwacha mwanawe wa miaka mitatu kwa dada yake akaenda mbali kutafuta kazi za ndani. Kila mwaka alinunua gauni la mtoto kwa kukisia, mwaka huu la miaka minne, mwaka ujao la mitano, na kulitunza sandukuni, maana alishasikia kwamba shemeji huuza kila kinachotumwa. Hapo meza nzima ilipata wazimu. Kukisia saizi ya mtoto usiyemwona ndiyo kazi yao. "Miaka saba ni ishirini na nane," alisema mmoja. "Ishirini na nane kama anakula," akajibu Bibi Sindano. "Kwa shemeji yule, shona ishirini na sita." Wakabishana mpaka Kengele akaja kuuliza kuna nini.

Sasa tufike Alhamisi ile.

Kiwanda kilikuwa na oda mbili kwa pamoja, za shule mbili, moja ya wavulana na moja ya wasichana. Sweta zote kijani, rangi moja. Beji za wavulana zilikuwa na kichwa cha simba, za wasichana zilikuwa na taa. Asubuhi walimaliza mzigo wa wavulana. Mchana ilikuwa zamu ya wasichana, na Mama Pacha ndiye aliyenyanyuka kwenda stoo kuleta boksi jipya la beji.

Aliondoka vibaya. Yaani aliondoka mahali pabaya. Mama wa kitabuni alikuwa ndiyo kwanza anaingia mtaani kwao na sanduku kichwani, na majirani waliokuwa wamekaa vibarazani, walipomwona, wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja na kuingia ndani bila kumsalimu. "Usiendelee mpaka nirudi," alisema Mama Pacha. Wengine wakasema aendelee. Mama Pacha akakimbia stoo, akatia sahihi, akabeba boksi la kwanza alilolikuta, akarudi mbio, akalifungua masikio yakiwa kwa Redio, na beji zikapita mkono kwa mkono.

Mtoto alikuwa amezikwa miezi minne kabla. Dada mtu alikuwa amesimama mlangoni anazuia njia. Mama akafungua sanduku pale pale nje, akaanza kuyatandika magauni chini kwa mpangilio, la miaka minne, la mitano, la sita, la saba. Redio alisoma kurasa zile kwa sauti ile ile, hakuongeza wala hakupunguza. Wanawake wanane walishona saa nne nzima bila kuona wanachoshona. Walishona vizuri, mishono midogo, imara, isiyong'oka. Jioni Kengele alihesabu matenga, idadi ikatimia, sweta zikafungwa kwenye mifuko zikaenda.

Jumatatu zikarudi. Sweta mia moja themanini za wasichana, kila moja na kichwa cha simba kifuani. Zilikuwa zimegawiwa mbele ya wazazi, na vicheko vilianzia mstari wa mbele vikamfikia mwalimu mkuu akiwa bado anahutubia.

Tajiri, mwenye kiwanda, alikuja mwenyewe chumba cha kumalizia. Hakuwa mtu wa kufoka, na hilo ndilo lililowatisha. Alitandaza sweta moja mezani, akajaribu kung'oa beji kwa ukucha. Ilikataa. Alipoikata kwa mkasi sufu ikabaki na vitundu kuzunguka kifua.

"Nataka nielewe tu," alisema. "Macho kumi na manane. Mmoja akikosea, ni binadamu. Wawili, wamechoka. Lakini wote tisa, mchana mzima? Mlikuwa mnatazama nini?"

 Redio alihisi kitabu pajani mwake, chini ya sweta, kizito ghafla.

"Boksi nani alilichukua?"

Kengele alikuwa na daftari la stoo mkononi. Sahihi ilikuwa ya Mama Pacha.

"Basi aliyelichukua ndiye atakayeondoka. Kesho saa tatu." Tajiri alikunja ile sweta vizuri, mikono ndani, kama ilivyokuwa. "Isipokuwa kama kuna sababu nisiyoijua. Mwenye nayo anajua ofisi ilipo."

Jioni walisimama ukutani nje ya geti, wote tisa.  Redio alisema atakwenda ofisini asubuhi aeleze kwamba ni yeye aliyekuwa anasoma, na kwamba Mama Pacha hana kosa.

"Huendi popote," alisema Mama Pacha. "Mimi nina mikono miwili, shoga yangu. Nitazunguka mwezi, nitazunguka miwili, nitapata meza nyingine. Wewe ukitoka hapa una nini?"

"Na pacha?"

"Pacha wana baba. Si baba wa maana, lakini yupo."

Walicheka kidogo, kicheko cha msibani. Bibi Sindano hakucheka. Alimgeukia Redio, akasema, "Nisikilize mwanangu. La mezani libaki mezani. Ukimfungulia mtu dirisha achungulie, hatatazama kile tu unachomwonyesha."

Redio alisikia lakini hakuelewa. Alikuwa na sababu ya kutoelewa, nami namlaumu na simlaumu. Miaka miwili alikuwa akiishi ndani ya vitabu saa nane kwa siku, na katika vitabu vingi alivyosoma, mtu akisimama akasema kweli, jambo fulani hufunguka. Labda anateseka kwanza, labda hata anakufa, lakini kweli yake humfaa mtu. Alikuwa amewasomea wenzake hivyo mara ngapi, nao wakafuta machozi kwa sweta. Sasa zamu yake ilikuwa imefika na alitaka kuicheza vizuri.

Nyumbani, kabla ya chakula, alichukua blauzi ya binti yake iliyong'oka kifungo, akakaa karibu na dirisha kunako mwanga, akajaribu. Alibana kitambaa kwa magoti, akashika sindano kwa mkono wa kushoto, akavuta uzi kwa meno. Kifungo kilikaa upande. Akafumua, akaanza upya. Mara ya nne sindano ilimchoma chini ya ukucha na blauzi ikapata doa. Binti yake alikuwa anamtazama, na hilo lilimuumiza kuliko sindano.

"Hebu weka hiyo sindano," alisema mama mkwe kutoka kitandani kwake. "Utajitoboa huo mwingine, tuanze kuuguza mikono miwili."

Mama mkwe alikuwa na msemo wake kwamba kitabu hakiliwi, na aliusema kila jioni, kisha kila jioni akadai aelezwe mama wa kitabuni amefikia wapi. Siku hiyo hakudai. Redio akamsimulia ya kwake: sweta, simba, Mama Pacha, na alivyoamua.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," alisema, "hao watu wa vitabuni wakishasema kweli, kitabu kinaisha. Wewe keshokutwa utaamka."

"Kwa hiyo nimwache mwenzangu afukuzwe kwa ajili yangu?"

"Sikusema hivyo. Nimesema utaamka."

Hakulala vizuri. Alfajiri alivaa nguo yake safi, akawahi kufika, na saa mbili na nusu alikuwa mlangoni mwa ofisi ya Tajiri.

"Karibu, mama. Kaa," alisema Tajiri.

"Kosa ni langu, bosi."

"Wewe ndiye uliyechukua boksi?"

"Hapana. Mimi nilikuwa nasoma."

Akamweleza. Kwanza kwa kusitasita, halafu vizuri, halafu vizuri mno, maana hiyo ndiyo kazi aliyoijua. Alimweleza juu ya mama na sanduku, majirani walioingia ndani, magauni yaliyotandikwa mchangani kuanzia la miaka minne. Alimweleza jinsi wanawake wanane walivyoshona bila kuona. Tajiri aliweka kidevu mkononi, akasikiliza kwa makini kama walivyosikiliza wenzake.

"Na mtoto?" aliuliza.

"Wamekwisha kumzika."

"Maskini," alisema Tajiri, na alimaanisha.

 Redio alidhani kazi imekwisha. Alikuwa ameanza hata kujipangia atakavyoingia chumba cha kumalizia na kumshika Mama Pacha mabega.

"Sasa nieleweshe kitu kimoja," alisema Tajiri kwa upole ule ule. "Ukiwa unasoma kutwa nzima, tenga namba tisa linajazwa na nani?"

Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Nakuapia, usiku kucha alikuwa amejiandaa kulaumiwa, kufokewa, kufukuzwa, na swali hilo halikumpitia hata kwa mbali.  Akakumbuka dirisha la Bibi Sindano, akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kama kumwagiwa maji ya baridi mgongoni.

"Nashona asubuhi," alisema.

Tajiri alimtazama mkono. Ulikuwa juu ya paja, vidole vitatu vimejikunja nusu. Akafungua sanduku la bati lililokuwa mezani, akatoa sindano yenye uzi na beji moja, akazisukuma mbele yake.  Redio alizitazama. Hakuzigusa. Machozi yalikuja yenyewe, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumwambia utaichafua.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili," alirudia Tajiri. Alivuta kitabu cha uzalishaji, akapitisha kidole kwenye safu ya namba tisa, ukurasa baada ya ukurasa. Arobaini, arobaini, arobaini. Ukitoa zile siku mbili za mwanzo, hapakuwa na siku hata moja iliyopungua. Uso wake ulikuwa umeanza kuchangamka, kama wa mtu aliyetia mkono kwenye koti la zamani akakuta kitu.

Saa tatu kamili aliingia chumba cha kumalizia, Redio nyuma yake, Kengele nyuma ya Redio. Mama Pacha alikuwa ameshafunga virago vyake kwenye kanga, amesimama.

"Kaa, mama," alimwambia Tajiri. "Huendi. Nilisema kama kuna sababu, na nimeletewa sababu. Mimi ni mtu wa neno langu."

Mama Pacha akakaa kwa kishindo. Mtu mmoja alisema alhamdulillahi, mwingine asante Bwana, na kwa muda mfupi chumba kile kilikuwa na furaha. Ukihesabu sana, ilidumu kadiri ya mtu kutunga uzi kwenye sindano.

"Huyu mwenzenu anaondoka leo," aliendelea Tajiri, "na hilo nadhani mnalielewa wenyewe. Lakini nataka kuwapongeza. Nasema kwa moyo kabisa. Miaka yote nimekuwa nikijiuliza kama arobaini si nyingi. Kumbe nyinyi mnashona arobaini na tano kila siku ya Mungu, na mmeshona miaka miwili, na hamkuugua, na mishono ni mizuri, nimeiona. Basi kuanzia leo lengo ni arobaini na tano. Msimamizi atakaa humu humu awasaidie msivurugwe tena."

Hakuna aliyemtazama Redio. Angeweza kustahimili kutukanwa. Alisimama karibu na kiti chake, akingoja hata mmoja ainue macho, na wote wakawa wameinamia sweta. Bibi Sindano alilamba uzi, akautunga, akaanza kushona. Kengele alilivuta tenga namba tisa akalisukuma nje ya mlango kwa mguu, kisha akavuta kiti cha tisa, akakikalia, funguo zikalia mara moja zikatulia.

Wiki iliyofuata Redio alizunguka. Alikwenda shule za chekechea, wakamwomba cheti. Alikwenda zahanati akijitolea kuwasomea wagonjwa kwa chochote watakachompa, wakamwambia wataona. Kwenye saluni moja ya kusuka mwenye saluni alimsikiliza vizuri, akacheka, akamwonyesha televisheni ukutani. Nyumbani mama mkwe hakusema nilikwambia, na nampa heshima yake kwa hilo. Alianza tu kula kidogo, akidai tumbo limejaa, na binti naye akaiga.

Ijumaa jioni Redio alikwenda kiwandani. Alikuwa na kitabu chini ya kwapa. Zilibaki kurasa kumi na mbili, na alikuwa hajazisoma, aliona si haki azisome peke yake. Alijipa sababu nyingi za kwenda, lakini ukweli alikuwa anataka kitu kimoja tu: wamwambie hawana kinyongo. Bila hilo hakuona atakavyoendelea kuamka.

Wengine kiwandani walikwisha kutoka. Wanawake wa chumba cha kumalizia walichelewa karibu saa nzima. Zamani, tano zile zilikwenda zenyewe, sauti ikizisukuma. Sasa walikuwa wanashona kimya huku Kengele amewakodolea macho, na mkono unaoshona kimya huhesabu kila tundu. Walitoka pamoja. Mama Pacha alikuwa na kitambaa kimefungwa kwenye kidole gumba.

"Nimekuja tumalizie," alisema Redio. Alijaribu kuchangamka. "Ni kurasa kumi na mbili tu. Tukae hapo ukutani, giza halijaingia."

Walisimama, kwa adabu. Bibi Sindano alimshika bega akiwa anapita, akalibana kidogo, akaendelea na safari yake. Wengine wakatazama chini.

"Shoga yangu," alisema Mama Pacha, "sina nguvu hata ya kusikiliza."

"Kesho, basi. Au Jumapili, nije kwako."

"Umeniponya, najua. Nakushukuru, na watoto wangu wanakushukuru." Alisema hivyo kama mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa na mwingine. Kisha yakamtoka yenyewe. "Unajua zile tano nilikuwa naziacha za mwisho? Arobaini zangu nashona basi tu. Zile zako nilikuwa nazishona kwa raha, nasema hii ni ya Redio, hii ni ya Redio. Sasa nashona zile zile tano kila siku, na nikifika arobaini na moja nataka kupiga kelele. Sijui nazishona za nani."

 Maneno ya watu wote waliowahi kusema kitu kitabuni yalikuwa kichwani mwa Redio, na hakuna hata moja lililofaa. Alimnyooshea kitabu kwa mkono wake mzima. "Kichukue wewe. Soma polepole, siku utakayopata nafasi."

Mama Pacha alikitazama kile kitabu lakini mikono yake haikunyanyuka. "Yule mama," alisema, "kama mwishoni mambo yake yalikuwa mazuri, usiniambie."

Akageuka akawafuata wenzake mpaka akawafikia. Walikuwa wameshafika mbali kidogo barabarani, wanane, wanatembea bila kuzungumza, kila mmoja akikunja na kukunjua vidole.